Springi za Mama

Niligundua kwa kanga. Jioni tuliporudi kutoka hospitali ya Tukuyu nilichukua nguo za mama kwenda kuziloweka, na kwenye pindo la kanga yake nikakuta alama za meno. Zilikuwa nyingi, zimefuatana, na sehemu moja kitambaa kilikuwa kimetoboka kabisa. Nilisimama na ile kanga mbele ya karai nisijue nifanye nini nayo. Njia nzima, kwenda na kurudi, nilishika usukani huku nikitega sikio nyuma, na sikusikia mtu akilalamika. Nikajisemea mama leo ana nafuu. Kumbe alikuwa ameuma nguo.

Ugonjwa wake ulikuwa wa mifupa. Ulianzia kwenye nyonga ukapanda mgongoni, na kila baada ya wiki mbili alitakiwa kwenda mjini kuchomwa sindano na kutazamwa. Tunakaa bondeni, upande wa Masukulu, na kutoka kwetu hadi kwenye lami ni barabara ya udongo inayopita katikati ya migomba na chai. Udongo haukuwa shida. Mvua ikinyesha unateleza, unafunga cheni, unapanda. Shida ilikuwa kipande kimoja kabla ya daraja, ambapo mawe meusi yametokeza barabara nzima na hakuna pa kuyakwepa. Sisi tunapaita Kwenye Mawe, basi. Mtu mwenye afya yake akipita pale anashikilia kitu.

Na gari langu lilikuwa pikapu la zamani la shamba la chai. Nilikuwa fundi pale kwa miaka mingi, na lilipofika siku ya kuuzwa kama chuma chakavu hakuna aliyelitaka, nikalichukua mimi kwa kuwa nililijua nati kwa nati. Maisha yake yote lilibeba kuni na magunia ya mbolea. Springi zake za nyuma zilikuwa vyuma vipana vinane kila upande, vimelazwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati kwa bolti, vinene, vya kubeba tani. Gari la namna hiyo ukilipa mzigo linatulia. Ukiliwekea godoro na mwanamke mmoja mgonjwa, linaruka kama mbuzi.

Mimi nina hasira za karibu, na wanaonifahamu hawatabisha. Siku ile hasira zilikosa wa kumwangukia zikanirudia mwenyewe. Nimetengeneza magari ya watu kutoka Kawetele hadi Msasani, mitaa ya Tukuyu, nimelala chini ya magari ya watu mpaka matope yameingia masikioni, na mama yangu mzazi anakwenda hospitali akiuma kanga ndani ya gari la mwanawe. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini kinyozi asiyejinyoa hamuumizi mtu.

Kesho yake asubuhi nililipandisha gari juu ya mawe nyuma ya nyumba, chini ya kipaa cha mabati ninapofanyia kazi, nikazifungua springi.

Springi mpya za kulainisha gari kama lile sikuwa na uwezo nazo, na hata ningekuwa nao, anayetengeneza hizo hamjui mama yangu wala Kwenye Mawe. Niliamua kuziunda. Msasani kuna mzee anayeuza vyuma vya magari yaliyokufa, vimerundikwa nje ya nyumba yake vikinyeshewa. Nilichambua lile rundo siku nzima nikitafuta vyuma virefu na vyembamba, vya magari madogo ya abiria, vyenye tundu tayari katikati. Chuma cha springi kukitoboa tundu jipya ni kumaliza ncha za drili bure. Tena huwezi kukipasha moto ili kikutii. Ukikipasha ovyo, kinakuwa chuma cha kawaida, kinapinda kama kijiko na hakirudi. Unakikunja kikiwa baridi, juu ya kipande cha reli, kwa nyundo, kidogo kidogo, unapiga na kupima, unapiga na kupima. Nilipiga siku nne. Mama alikuwa amelala chumbani upande wa pili wa ukuta akinisikia, na kila nilipopumzika aliniita kuuliza kama nimeumia.

Bushi, yaani zile raba zinazokaa kwenye masikio ya springi, nilizikata kutoka kwenye mkanda wa mashine uliotupwa kiwandani. Kati ya chuma na chuma niliweka vipande vya dumu la plastiki ili viteleze bila kukwaruzana. Shokapu zilikuwa zimekufa siku nyingi. Nilizitoboa, nikamwaga mafuta yaliyokuwa maji matupu, nikajaza mazito, nikaziba tundu kwa bolti na raba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukanisahau.

Nilikuwa na kipimo changu. Kadi ya hospitali ilisema mama ana kilo arobaini na moja. Nilipima viazi kilo arobaini na moja, nikavifunga kwenye gunia, nikalilaza kwenye godoro nyuma ya gari mahali pa mama. Pembeni nikaweka beseni la maji, limejaa mpaka chini kidogo ya ukingo. Kisha nikaendesha peke yangu hadi Kwenye Mawe, nikapita, nikageuza, nikapita tena. Safari ya kwanza beseni lilibaki nusu. Nikarudi, nikatoa chuma kimoja kila upande. Safari ya pili maji yakamwagika kidogo. Safari ya tatu nilisimama darajani, nikazunguka nyuma, na nikakuta godoro lina matone tu. Viazi vilikuwa vimelala vilevile nilivyovilaza.

Sijawahi kujisifu kama nilivyojisifu siku ile, tena peke yangu, darajani, kwenye manyunyu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba safari ijayo atalala usingizi njiani.

"Kyala akusaidie, mwanangu," alisema. Alimtaja Mungu, lakini si kwa sauti ya mtu aliyeamini.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya kwa sababu asingekuwa na nafasi ya kulifanya. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anasindikizwa. Zamani, tulipokodi gari dogo, dereva alikataa watu, wakawa wanabaki barabarani wakipunga mikono kwa uchungu. Safari ile ya kanga tuliondoka ghafla, akapanda mama mdogo tu, mdogo wake mama wa kumfuata. Lakini habari zilikuwa zimeshaenea kwamba mtoto wao ana gari na gari limetengenezwa kwa ajili ya dada yao. Asubuhi ya kliniki nilipotoka na ufunguo mkononi, niliwakuta wanane wamesimama uani na kanga zao safi. Mama mdogo mbele. Wifi zake mama wawili. Waliobaki ni wa kwaya na majirani. Walikuwa na chupa za chai, ndizi zilizopikwa kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, mikungu miwili mibichi ya kuwapa watakaotupokea mjini, na maziwa kwenye kibuyu.

Mimi nilizaliwa hapa. Nimekula ndizi za masufuria kama yale tangu nikiwa na meno mawili. Na katika siku zote zile za kupiga nyundo, haikunijia hata mara moja kwamba wale akina mama watapanda.

Walipanda. Walimzunguka mama kwenye godoro, mmoja akampakata kichwa, mwingine miguu, na gari likashuka. Niliona kwa macho yangu likishuka, ekseli ikasogea hadi karibu kugusa chesisi. Nilijua. Fundi yeyote angejua. Maneno ya kuwashusha mama zako wadogo kwenye gari la mama yako hayapo katika lugha yoyote niliyofundishwa.

"Twende, mwanangu, jua linapanda," alisema mama mdogo.

Nikaenda. Nilikwenda polepole kama anayebeba mayai. Kwenye Mawe, springi zangu laini, nilizozipiga siku nne, zililala kabisa, na chuma kikaanza kugonga chuma. Si kuruka kama mwanzo, ni kugonga, pigo linalopanda moja kwa moja kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mfupa. Pigo la tatu nilimsikia mama. Safari hii kanga haikutosha. Akina mama wakaanza wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa, ili kumfunika, na mimi nikaendesha nikiwa nimeuma midomo kwa sababu huwezi kusimama katikati ya mawe. Ukisimama unatakiwa kuanza tena.

Tulipofika mjini nilimvuta mama mdogo kando. Nilimwambia, kwa adabu niliyoweza kuikusanya, kwamba wakati wa kurudi ni vizuri watu sita wapande basi mpaka njiapanda yetu.

Alikaza kanga kiunoni. "Gali lako ndilo limechoka, au sisi ndio tumechokwa?"

"Si hivyo, mama. Anaumia. Mzigo umezidi."

"Sisi ni msigo," alisema, akarudi kwa wenzake.

Wakati wa kurudi walipanda basi wote wanane, naye akiwamo, na mama akakataa kuondoka nao wakiwa mbali. Alikaa kwenye benchi la hospitali na kadi yake mkononi. "Nikitoka hapa peke yangu watasema sina watu," alisema. "Mimi nina watu." Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye gari. Kwenye Mawe alipita bila maumivu makubwa, springi zilifanya kazi yake vizuri kabisa, naye alilia njia nzima kwa aibu.

Baada ya hapo akasema hapandi gari tena, la kwangu wala la mtu mwingine. Nami ndipo nikasema neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Nilimwambia, "Subiri. Nipe muda, nitalitengeneza liwabebe wote."

Alisubiri. Mama alikuwa mtu wa kusubiri.

Nilikwenda kwanza kwa mama mdogo kuomba radhi, na kuomba jambo jingine ambalo lilimfanya acheke ingawa hakutaka kucheka. Nilitaka waje nyumbani wote wanane, na masufuria yao, wakae ndani ya gari likiwa limesimama, nipime. Walikuja Jumapili baada ya ibada. Nilichukua mwanzi, nikausimamisha kati ya ardhi na chesisi, wakapanda, nikaweka lile gunia la viazi katikati yao badala ya mama, nikachora alama kwa mkaa pale chesisi ilipotakiwa kukaa, juu zaidi ya iliposhukia. Nikawaambia washuke. Nikawaambia wapande. Mmoja wa wifi zake mama, mnene kuliko wote, alisema hajawahi kupimwa hadharani tangu ukoo wa mumewe ulipokuja kumposa. Walicheka mpaka gari likatikisika. Mama alicheka pia, nilimsikia kupitia dirishani. Ni mara ya mwisho ninayoikumbuka.

Kujua uzito ni kitu kimoja, kupata springi zake ni kingine. Zile za kwanza zilikuwa ngumu mno, zile za pili laini mno, na cha kati hakikuwapo kwenye rundo la mzee wa Msasani. Nilipata vyuma viwili leo, kimoja wiki iliyofuata. Kimoja kilikuwa na ufa usioonekana, kikakatika chini ya nyundo nikaanza upya. Umeme ulikatika siku nilipouhitaji kwa grenda. Mvua ilinyesha kama kawaida yake ya kutokujali mtu. Siku ya kliniki ikafika, ikapita. Nyingine ikafika, gari likiwa juu ya mawe halina miguu ya nyuma, na mimi bado nasema kesho. Ningeweza kukodi gari dogo. Ningeweza kumbembeleza. Nilitaka asafiri juu ya kazi ya mikono yangu. Kiburi cha fundi ni kibaya kwa sababu kinafanana sana na mapenzi.

Alfajiri moja mama hakuweza kugeuka kitandani, na miguu ilikuwa haisikii. Gari langu lilikuwa bado juu ya mawe. Jirani alitafuta gari, wakampakia yeye na mama mdogo, na mimi nikabaki uani na spana mkononi nikilitazama linavyokata kona. Sikuwa na nafasi humo ndani.

Alilazwa siku tisa. Asubuhi nilikuwa naye wodini, mchana nilirudi kupiga vyuma, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Siku ya nane nilizifunga springi. Siku ya tisa daktari alituita, mimi na mama mdogo, akasema kwa upole kwamba tunaweza kumpeleka nyumbani. Nilimuuliza kama zile kliniki mbili alizokosa ndizo zilizomfikisha hapa. Alisema ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali, kwamba huenda isingekuwa tofauti. Alisema huenda. Nimeligeuza neno hilo mara nyingi tangu siku ile na bado sijajua nilishike upande gani.

Wote wanane walikuja kumchukua. Safari hii hawakubeba mikungu. Nilitandika godoro, wakapanda, nikamlaza mama katikati yao, na nikainama kutazama. Mwanzi nilikuwa nao. Gari lilikaa kwenye alama, sawasawa na mkaa.

Tukaondoka. Chai ilikuwa imekatwa karibuni, majani mapya yana rangi ile ya kung'aa, na ukungu ulikuwa umefunika mlima wote. Tulipokaribia Kwenye Mawe niliingiza gia ya kwanza. Gurudumu la kwanza likapanda jiwe, likashuka. La pili. Gari liliyumba kidogo kulia, likarudi, likayumba kushoto, kama mtu anayebembeleza mtoto mgongoni. Hakuna kilichogonga. Hakuna aliyeimba. Nilisikia mtu mmoja nyuma akisema kwa Kinyakyusa, polepole, kwamba amelala. Niliogopa. Nilitaka kusimama nitazame lakini sikuthubutu, nikaendelea hadi darajani, nikavuka, nikaendelea hadi nyumbani.

Nilipofungua nyuma, mama mdogo alikuwa amempakata kichwa. Mama alifumbua macho, akatazama migomba yetu, akatazama paa la nyumba.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika, mama."

"Leo umepita njia gani?"

Njia ni moja tu. Haijawahi kuwapo nyingine.

"Ile ile," nilimwambia.

Alinitazama kana kwamba namdanganya ili kumfurahisha. Kisha akanyoosha mkono akanigusa shavu lenye grisi. "Ndaga, mwanangu," alisema. Asante. Siku ya nne baada ya hapo alifariki, kitandani kwake, watu wake wakiwa wamejaa nyumba.

Baada ya maziko nilikuwa na kazi ya kurudisha mabenchi na masufuria ya kanisa. Nilipeleka, nikashusha, nikaondoka na gari tupu. Kwenye Mawe lilinirusha. Springi zilizopigwa kwa ajili ya akina mama wanane na mgonjwa mmoja hazina huruma na mwanamume mmoja, zilinirusha hadi kichwa kikagonga bati, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilisimama palepale katikati ya mawe, mahali ambapo sijawahi kusimama, nikalia mpaka lori la chai likaja nyuma yangu na kupiga honi.

Fundi mwenzangu ameniambia mara kadhaa nitoe vyuma viwili kila upande, gari liwe la kiungwana. Ni kazi ya asubuhi moja. Sijavitoa. Siku za soko napita kwa mama mdogo, napiga honi, anawaita wenzake, wanapanda na ndizi zao, wananisema kwa kutokuoa na kwa kunenepa. Wakishakaa wote, nachukua ule mwanzi ulio nyuma ya kiti, nazunguka na kuinama kupima, na hakuna anayeniuliza napima nini. Chesisi haifiki tena kwenye alama ya mkaa; inabaki juu yake kwa upana wa kidole kimoja, kilo arobaini na moja.